Maji Hayaoshwi

Turubai lilikataa kupita mlangoni. Agnès alilivuta kwa mikono miwili, akageuka akalisukuma kwa kiuno, na bado lilibaki palepale limekunjamana, zito, likinuka dizeli na vumbi la miaka iliyopita. Uani, chini ya bati la jikoni, mumewe Onésime alikuwa ameketi kwenye kiti chake akimtazama. Mkono wake wa kulia ulilala pajani, mahali Agnès alipouweka asubuhi.

“Ile ni bâche ya camion yangu,” Onésime akasema.

“Njo yenyewe.”

“Unaipeleka wapi?”

“Mu shimo.”

Hakuuliza zaidi. Siku hizi hakuwa mtu wa kuuliza zaidi. Zamani, alipokuwa dereva wa lori kati ya Lubumbashi na kwao Kilwa, kando ya ziwa Mweru, angeuliza mpaka ukachoka, na baada ya jibu angesimulia habari ya nusu saa ambayo haikuhusiana na swali. Tangu kiharusi kilipompiga, mwaka uliopita, maneno yake yalipungua kama maji ya bomba wakati wa kiangazi.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya jikoni, karibu na ukuta wa jirani. Walilichimba wenyewe walipokuwa wakifyatua matofali ya kujengea jiko hilohilo, na tangu hapo likawa la kutupia majivu na maganda ya mihogo. Agnès alikuwa amelisafisha wiki nzima, na tuseme ukweli, kusafisha ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Alikuwa mfuaji wa nguo katika nyumba za kifahari za mtaa wa Golf, na mashuka yaliyopita mikononi mwake yalirudi kabatini meupe kuliko siku yaliponunuliwa. Kwake, mwisho kabisa wa Kenya, mtaa wa Lubumbashi, uwanja ulifagiwa kabla jogoo hajamaliza kuwika, na ole wake kuku atakayekanyaga mistari ya ufagio. Majirani walimheshimu kwa hilo, na walimcheka kidogo pia.

Kichwa cha Delphine kikachomoza juu ya ukuta. Yeye alikuwa jirani wa aina ile anayejua umepika nini kabla hujafunua sufuria.

“Mama Lydie! Mayi mu parcelle, mu kiwanja yako? Unaenda kufuga mamba muntu?”

Agnès akacheka bila kutaka. Mamba muntu ni yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, ambaye picha yake watu wa Lubumbashi huitundika sebuleni, na ambaye husemwa kwamba humtajirisha anayemficha.

“Akikuya, nitamutuma kwako akufulie bilamba,” akajibu.

“Na bambu? Utatuletea bambu, ee!” Delphine akajipiga kofi shavuni kama anayeua mbu.

“Samaki batakula batoto ba bambu. Banisha kuniambia.”

Delphine akatoweka, lakini kicheko chake kilibaki upande wa pili kwa muda. Agnès akarudi kwenye turubai na halikuwa jambo la kucheka tena. Ndani ya nyumba, kwenye msumari juu ya kitanda, ulining'inia mfuko wa safari wa Onésime. Aliuomba utundikwe pale mvua za kwanza zilipoanza, akasema kwa ule mdomo wake uliopinda upande: “Mvua ikiisha, balabala ikikauka, Ephraïm atakuya kunitwala. Nitaenda kuikala Kilwa.” Ephraïm ni mdogo wake, naye ndiye aliyerithi lori na kazi. Onésime hakusema atarudi lini. Agnès hakuuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Alikuwa ameolewa na barabara ile tangu ujana wake. Aliijua kwa masimulizi, malori yaliyozama tope wiki nzima, wasafiri wenye afya zao walioshuka Kilwa wakitetemeka kwa homa. Mtu mwenye nusu ya mwili angefika vipi? Na akifika, angemwacha yeye na nani? Binti yao Lydie ameolewa Kolwezi. Agnès alimpenda mume wake. Alimpenda kwa mikono, maana hakujua namna nyingine: alimwosha asubuhi na jioni, alimlisha, alimpangusa, alimkata kucha, alimbadilisha shati kabla halijapata doa. Na kadiri alivyomhudumia, ndivyo Onésime alivyozidi kula kidogo na kutazama ukuta.

Ni ziwa, Agnès akaamua. Ni ziwa Mweru linalomwita.

Ndipo alipokumbuka bwawa. Katika nyumba moja ya Golf anakofua, kuna bwawa dogo uani, mimea imelijaa, na hakuna anayeligusa, wala mtunza bustani. Mama mwenye nyumba husimama hapo kila asubuhi na kikombe chake cha kahawa, na uso wake hulainika. Ikiwa ziwa haliwezi kuja Lubumbashi, Agnès alijiambia, tone lake litakuja.

Mwishowe turubai likapita mlangoni. Akalitandaza shimoni, akalikanyaga kwenye pembe, akapanga matofali yaliyobaki kuzunguka ukingo. Lilikuwa na viraka vingi vya mpira wa gurudumu, na kila kiraka Onésime alikibandika mwenyewe, njiani, chini ya mvua.

Samaki waliletwa na Osée, kijana mwenye mabwawa ya samaki nje ya mji. Alikuja na bidoni, dumu la njano lililofungwa nyuma ya pikipiki, na mfuko wa mimea iliyolowa: mizizi ya yungiyungi, mafunjo, na ile mimea inayoelea mfano wa vichwa vidogo vya kabichi. Maji yalikuwa yamekwisha kulala shimoni siku kadhaa, kama alivyoagiza, ili dawa ya bomba itoke.

“Mama, hii bwawa haina kazi,” Osée akasema huku akizamisha mizizi. “Bimea njo binaosha mayi. Samaki banakula bambu na bale badudu badogo. Mayi ikianza kuwa vert, usiogope, njo chakula yabo. Weye unaikala tu.”

“Haina kazi?”

“Hata kidogo.”

Agnès aliitikia kwa kichwa, ila moyoni alikataa. Katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na kitu kinachojiosha chenyewe.

Osée akainamisha bidoni, na tilapia wadogo wakamwagika, wembamba, rangi ya bati jipya. Wakazama mara moja. Hapo kiti kikalia. Onésime alikuwa ameinama mbele, bila kusaidiwa, mkono wa kushoto umeshika goti.

“Aba ni batilapia ba kwetu,” akasema.

Jioni ile alikula bukari, ugali wa kwao, tonge baada ya tonge, akataka mboga tena. Agnès alimpangusa mdomo kwa furaha, na aliimba akiosha sahani.

Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Mvua ilinyesha, mafunjo yakasimama, yungiyungi likatoa jani la kwanza, la duara, likalala juu ya maji. Kiti cha Onésime kilihama kutoka jikoni hadi ukingoni. Wakati mwingine Agnès alirudi kutoka Golf akamkuta akizungumza na samaki kwa sauti ya chini, akiwasimulia habari za nusu saa. Mfuko, hata hivyo, ulibaki kwenye msumari.

Kisha maji yakawa vert kweli, ya kijani. Kwanza kidogo, baadaye kabisa, mpaka turubai halikuonekana tena.

“Mama Lydie,” Delphine akasema kutoka ukutani, “bwawa yako imekuwa sawa sombe.”

Alikuwa anatania tu; sombe ni kisamvu. Lakini neno hilo lilimwingia Agnès chini ya ngozi. Sombe! Yeye, ambaye mabibi wa Golf wanagombania siku zake, anaitwa mwenye maji ya sombe uani! Usiku alilala akiyaona maji yale, na asubuhi aliona aibu kufungua mlango wa nyuma.

Jumamosi, Onésime alipolala baada ya chakula, akaifanya kazi anayoijua. Aliwahamishia samaki kwenye beseni. Aliyachota maji yote, ndoo kwa ndoo, akayamwaga mferejini. Aliusugua utando wa kijani kwa brashi na sabuni ya kipande mpaka viraka vyote vikaonekana. Aliosha mizizi ya yungiyungi mmoja mmoja, kama anavyoosha kola za mashati. Akajaza maji mapya ya bomba, na kwa kuwa aliwatakia mema wale samaki, akaongeza kifuniko kimoja, kimoja tu, cha Javel, dawa ile ile inayotakatisha mashuka. Maji yakawa angavu kama kioo. Akawarudisha samaki, akasimama na brashi mkononi, mgongo unauma, na alikuwa na furaha kamili. Akamngoja Onésime aje aone.

Aliamka giza limeshaingia, kwa hiyo alikuja asubuhi, ameegemea bega la mkewe. Samaki walikuwa juu ya maji safi, ubavu, matumbo meupe. Hakuna hata mmoja aliyetikisika.

Onésime akainusa ile Javel.

“Umeosha,” akasema.

“Ilikuwa buchafu.”

“Mama Lydie, mayi habaoshake.”

“Nilitaka ikuwe muzuri. Juu yako nilitaka...”

“Juu yangu!” Sauti yake ilipanda, ile sauti ya zamani ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa lori. “Asubui unaniosha, mangaribi unaniosha. Unanifuta kinywa mbele nimalize kutafuna. Unanikunja mukono sawa shuka. Niko muntu, ao niko bilamba ya kufua?”

Upande wa pili wa ukuta, mlango wa Delphine ukafungwa polepole.

“Njo juu ya ile unapenda kwenda Kilwa?” Agnès akauliza.

Hasira ya Onésime ilikuwa imekwisha, na uchovu ulikuwa umechukua nafasi yake.

“Kule hakuna muntu wa kuniosha,” akasema.

Kumbe halikuwa ziwa. Ilikuwa mikono yake. Agnès aliwafukia samaki chini ya mpapai, akaingia jikoni, akafungua bomba ili lisikike hilo tu, akalia. Alilia kwa uchungu na kwa hasira pia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kumpenda mtu na kumwacha alivyo. Alipomaliza, akaosha uso, akapanda pikipiki ya abiria kwenda kwa Osée.

Safari hii samaki hawakumwagwa mara moja. Alitoa maji ya Javel, akayaacha mapya yalale, na samaki wakabaki kwa Osée mpaka siku ilipofika; kisha akaliweka bidoni lao miguuni pa mumewe.

“Hii bwawa ni yako,” akasema. “Mie sitaigusa.”

Onésime akamtazama kwa jicho la mtu anayeuziwa gari bovu. “Hata mayi ikikuwa vert?”

“Hata ikikuwa vert.”

“Hata yani ikianguka mule?”

Agnès akayatazama majani ya mparachichi wa Delphine juu ya ukuta. “Hata yani.”

Aliitunza ahadi, na haikuwa rahisi. Alifagia uwanja mpaka kwenye matofali, ufagio ukasimama hapo kana kwamba umefika mpakani. Majani ya mparachichi wa Delphine yaliruka ukuta na kuanguka majini, na vidole vya Agnès viliwasha. Aliipa mikono yake kazi nyingine: alipiga pasi vitambaa ambavyo havikuhitaji pasi. Onésime naye alipata fimbo ndefu, na kwa mkono wa kushoto alisukuma mimea inayoelea isizibe jua lote, akaondoa iliyozidi. Maji yakawa ya kijani tena, halafu, bila mtu yeyote kufanya lolote, yakaanza kupungua ukijani. Mizizi ilikuwa ikifanya kazi yake huko chini.

Asubuhi moja Onésime akasema: “Weka beseni na sabuni mu nyumba. Kiisha ufunge mulango. Weye ukuwe inje.”

Agnès akasimama nje, sikio kwenye mbao. Alisikia maji. Alisikia sabuni ikianguka, na tusi la madereva. Kisha kimya, kirefu mno, na mkono wake ukashika kitasa. Ukakishika, ukakiachia. Mlango ulipofunguka, Onésime alisimama pale ameegemea ukuta, shati limefungwa kifungo kisicho chake, na nyuma ya sikio la kulia, upande usiohisi kitu, povu zima la sabuni.

Agnès alikuwa ameondoa katika vitambaa divai ya harusi na damu ya uzazi. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuliacha povu lile likauke lenyewe.

“Uko muzuri,” akasema.

“Najua,” Onésime akajibu, akapita.

Mvua zilipoanza kwenda zake, samaki mmoja mkubwa aliacha kula. Alijificha chini ya jani la yungiyungi, kidevu kimevimba, na makombo ya bukari yalipita mbele yake bila yeye kuyagusa. Agnès aliyaona hayo akiwa nyuma ya mpaka wake wa matofali.

“Ule eko mugonjwa,” akasema. “Hakulake.”

“Eko na batoto mu kinywa.”

“Atabameza!”

“Habamezake. Anabalinda mule mpaka bapate nguvu. Yeye mwenyewe hakule, juu kinywa imejaa.”

Agnès akachuchumaa pale alipokuwa, ufagio magotini. “Na atabaachilia siku gani?”

“Siku atachoka na njaa,” Onésime akasema, akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja, na Agnès akacheka naye mpaka akajifuta macho. Kwa muda uwanja ukawa kama ule wa zamani kabisa.

Siku hiyo hiyo simu ilipigwa. Ephraïm alipaza sauti kutoka njiani: “Yaya!” Ndivyo wadogo wa kwao wanavyowaita kaka zao. “Yaya, balabala imekauka! Nakuya!”

“Sawa,” Onésime akasema, akakata simu.

Agnès hakumsihi. Alitaka kumsihi, maneno yalimjaa kinywani, akayafunga. Alizifua nguo zake zote, akazipiga pasi, akaushusha mfuko kwenye msumari na kuzipanga ndani kama anavyopanga kabati la watu wa Golf. Juu kabisa akaweka kipande kipya cha sabuni, upande ambao mkono wa kushoto utakifikia.

Ephraïm alifika jioni, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, akala, akalala. Asubuhi akautoa mfuko akaupeleka kwenye lori, barabarani. Injini ikaunguruma. Agnès aliingia chumbani kumchukua mumewe na kukuta kitanda kitupu.

Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, peke yake. Alikuwa katikati ya uwanja, bila fimbo, bila ukuta wa kuegemea, akiburuta mguu juu ya mistari mipya ya ufagio. Miguu ya Agnès ikataka kukimbia. Akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili na akabaki hapo. Onésime akayumba, akasimama, akaendelea. Alipofika kwenye matofali akapumua kwa nguvu.

“Kuya uone,” akasema bila kugeuka.

Agnès akaja. Juu ya maji, mbele ya uso wa yule samaki mama, kulikuwa na wingu dogo la vidoa vyeusi vinavyotetemeka, na kila kidoa kilikuwa na macho. Akainama kuona vizuri. Kivuli chake kikaanguka majini, na hapo hapo mama akafunua kinywa na wingu lote likaingia, likatoweka.

“Rudi nyuma kidogo,” Onésime akamwambia kwa upole. “Unabaogopesha.”

Akarudi nyuma. Wakangoja. Samaki mama alikaa kimya amejaa kinywa, mapezi yanapepea. Kisha akafunua. Mmoja akatoka, akasimama kana kwamba anashangaa ukubwa wa dunia, kisha mwingine, kisha wote.

Honi ikalia barabarani. “Yaya! Jua inapanda!”

Onésime hakugeuka.

“Mama Lydie.”

“Ee.”

“Lete kiti yangu.”

Akakileta, akakiweka mahali mkono wa kushoto ungekifikia, akauachia mgongo wa kiti. Onésime akashika, akajizungusha, akakaa kwa kishindo. Agnès alibaki amesimama kando, hajui mikono yake aiweke wapi.

“Na yako iko wapi?” Onésime akauliza.

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikwenda jikoni, akarudi na kigoda anachokalia akifua, akakiweka kando ya kiti cha mumewe, akaketi. Ephraïm alitokea kwenye kona ya nyumba na ufunguo mkononi, mdomo wazi tayari kuita tena. Aliona migongo yao. Akasimama kidogo, akarudi alikotoka. Injini ikazimwa. Muda si mrefu Agnès alimsikia akipita ndani ya nyumba kwa hatua za taratibu, na mfuko ukagusa ukuta, ukining'inizwa kwenye msumari.

Jani la mparachichi likaruka ukuta, likatua majini katikati ya wale wadogo. Mkono wa Agnès ukainuka kutoka pajani. Ukakaa hewani kitambo, kisha ukashuka, ukalala juu ya mkono wa kulia wa Onésime, ule usiohisi kitu, na jani likaendelea kuelea.